Matabishi ya ndege: tuchague nini sisi tunaosafiri mara mojamoja?



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu hisa na kufunga sanduku la AVEC kwa kufuli zake tatu, mama mmoja hakuinuka. Wengine walikuwa wanafunga watoto mgongoni, yeye alibaki ameketi na karatasi mbili mkononi. Binti yake aliyeolewa Brussels yuko karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Viza imetoka, pesa ya tiketi familia imechanga. Sasa mama anaomba kikundi kimkopeshe dola 140 zaidi.

Tulimuuliza za nini. Akatufungulia karatasi zake. Kijana wa ajansi alimwandikia bei za tiketi mbili za kwenda na kurudi, kutoka Kigali. Tiketi ya pili inapita ya kwanza kwa dola 140, lakini kijana alimwambia achukue hiyo ya pili, kwa sababu shirika lake linatoa pointi. "Mama ukisafiri mara mbili tatu, inayofuata ni bure."

"Ninyi walimu mnajua hesabu," mama akatuambia. "Mniambie kama ni kweli."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atuachie karatasi, tukakaa nazo jioni mbili. Swali lake ni la wamama wengi wa hapa Kibati: mwenye mtoto Kampala, mwenye kaka Kinshasa, mwenye binti Ulaya, wote wanaopanda ndege mara moja katika miaka miwili au mitatu, tena kwa pesa ya kuchangishana. Ndiyo maana wiki hii tunaleta jibu letu hapa, ili kila kikundi kilisome.

Pointi ni kitu gani?

Mnakumbuka wakati watalii walipokuwa wanapanda Nyiragongo. Safari yao ilianzia hapa kwetu, kwenye kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga. Watoto wa shule walikuwa wanapenda kutazama mabegi yao. Wengine walitundika vikadi vya rangi ya dhahabu au ya fedha, vyenye alama ya shirika la ndege. Watoto walifikiri ni mapambo. Kumbe ni alama ya uanachama: huyu ni mteja wa shirika hili, anasafiri nalo sana, na shirika linamheshimu.

Jambo lenyewe tunalijua sokoni. Ukinunua viazi kwa mama yuleyule kila wiki, siku moja atakuongezea viwili vitatu juu ya kipimo. Ni matabishi. Hakupi kwa kuwa anakupenda kuliko wengine. Anakupa ili kesho usiende kwa jirani yake. Mashirika ya ndege yalifanya vilevile. Tarehe 1 Mei 1981 shirika la Marekani la American Airlines lilianzisha programu yake iitwayo AAdvantage, na mengine yakafuata. Kila ukisafiri unaandikiwa pointi, ambazo mara nyingi huitwa maili. Zikifika idadi fulani, unaweza kuzibadilisha kwa tiketi.

Kuingia katika programu hizi kwa kawaida hakulipiwi chochote. Hilo ni zuri. Lakini angalieni programu zimepimwa kwa mguu wa nani. Zimepimwa kwa mtu wa biashara anayepanda ndege kila mwezi. Kiatu cha mtu huyo tukivaa sisi, kitatuvuka njiani.

Tufanye hesabu ubaoni

Tuchukue programu moja ambayo kanuni yake inajulikana: Flying Blue, ya Air France na KLM. Mwanachama wa ngazi ya kwanza anapata maili 4 kwa kila euro 1 ya bei ya tiketi, bila kuhesabu kodi za viwanja na za serikali. Tuseme katika tiketi yako sehemu inayohesabiwa ni euro 600. Zidisha kwa 4: unapata maili 2,400.

Sasa tiketi ya zawadi. Kutoka huku kwetu mpaka Ulaya, hata ya kwenda tu bila kurudi, inadai makumi ya maelfu ya maili, na idadi inabadilika kufuatana na siku. Tuweke 30,000 ili hesabu iwe nyepesi. Gawanya 30,000 kwa 2,400: ni safari 12 na nusu. Yaani safari 13.

Mama yetu ana miaka 52 na anatumaini kumwona binti kila miaka mitatu. Safari ya kwanza ni mwaka huu. Ya kumi na tatu itakuwa baada ya miaka 36. Atakuwa na miaka 88, ndipo apate tiketi ya kwenda, na ya kurudi bado.

Tena hata hapo hatafika. Katika Flying Blue, mwanachama wa ngazi hiyo akikaa miezi 24 bila kuingiza maili mpya, zile alizonazo zinapotea. Katika Miles & More, programu ya Lufthansa na Brussels Airlines, maili za mwanachama wa kawaida huisha baada ya miezi 36. Mwenye kusafiri kila miaka mitatu anaanza karibu na sifuri kila mara, kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

Upande wa pili wa ubao tuliandika mkopo. Kikundi chetu kinatoza riba ya 5 kwa 100 kila mwezi, na mkopo unarudishwa baada ya miezi 3. Dola 140 zinazaa dola 21. Mama atarudisha dola 161. Na zile maili 2,400 zina thamani gani? Watu waliozoea mambo haya huhesabu maili moja kama senti 1 hivi ya dola. Basi ni dola 24. Kutoa 161 ili upate 24, tena 24 ambazo hutaweza kuzitumia, hata mtoto wa darasa la nne atakwambia hapana.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: sisi tunaosafiri mara mojamoja tusinunue tiketi kwa sababu ya pointi. Tununue tiketi inayotufaa, halafu pointi zije zenyewe nyuma yake.

Tiketi inayotufaa ni ipi?

Njia yetu imekuwa ndefu. Uwanja wa Goma tumeuona ukipata mengi: lava ya Januari 2002 ilimeza upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, na Mei 2021 lava ilishuka tena, ikakata na barabara yetu ya Rutshuru. Kila mara watu walirudi kazini. Lakini tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja umefungwa kwa ndege za abiria. Zamani Ethiopian Airlines ilikuwa inatua Goma, na CAA ilikuwa inapeleka watu Kinshasa moja kwa moja. Leo hata mwenye kwenda Kinshasa katika nchi yake mwenyewe anavuka mpaka, anapanda basi Gisenyi, anafanya zaidi ya kilomita 150 mpaka Kigali, halafu anazungukia Nairobi au Addis Ababa.

Ndiyo sababu bei iliyoandikwa kwenye karatasi ya ajansi ni nusu ya habari. Chukueni daftari, mwandike kila tiketi na mzigo wake wote. Ndege inaondoka saa ngapi: je, utalala Kigali? Kulala ni bei gani? Basi na motari ni bei gani? Mabegi mangapi yanaruhusiwa, na ya kilo ngapi? Mama anayekwenda kumwangalia mzazi hasafiri mikono mitupu. Kuna sambaza kavu, kuna unga, kuna vitenge, kuna kikapu cha mama mkwe. Tiketi ya bei ndogo yenye begi moja inaweza kugeuka kuwa ya bei kubwa pale mizani inapopita. Ulizeni pia utangoja saa ngapi katika uwanja wa katikati, na kama tarehe ya kurudi inaweza kubadilishwa, kwa sababu mtoto hachagui siku ya kuzaliwa kwa kufuata kalenda ya ndege.

Tulipoongeza yote hayo kwenye karatasi za mama, tiketi ya kwanza ilibaki chini, na ilikuwa na mabegi mawili. Ya pili ilikuwa na begi moja.

Basi kadi tuchague ipi?

Ukishapata tiketi inayokufaa, jiandikishe. Ni bure, na mara mojamoja inasaidia. Lakini jiandikishe mahali pamoja tu. Mama mwingine wa kikundi chetu alisafiri mara tatu katika miaka saba, akachukua kadi tatu za mashirika matatu. Kila kadi ina pointi kidogo, na kidogo tatu katika vyungu vitatu haziivishi chakula.

Ili kuchagua, mjue kwamba mashirika mengi yamejiunga katika miungano mitatu mikubwa. Safari ya shirika moja unaweza kuiandikisha kwenye kadi ya shirika jingine la muungano uleule. Star Alliance ina Ethiopian Airlines, iliyoingia mwaka 2011, pamoja na Brussels Airlines na Turkish Airlines. SkyTeam ina Kenya Airways, iliyoingia mwaka 2010, pamoja na Air France na KLM. Oneworld ina Qatar Airways, iliyoingia mwaka 2013. RwandAir haimo katika hiyo mitatu. Ina programu yake iitwayo Dream Miles, na ina mapatano na Qatar Airways.

Maana yake kwetu ni hii. Mwaka huu ukipitia Addis Ababa na Ethiopian, na baada ya miaka miwili ukaenda na Brussels Airlines, unaweza kuweka safari zote mbili kwenye kadi moja. Angalia wewe na watu wako mnapita wapi mara nyingi, uchague kadi ya upande huo. Lakini usiende kichwa chini: kila tiketi ina herufi ya daraja lake, na tiketi za bei ndogo sana huandikiwa pointi chache, au hakuna kabisa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: "Herufi hii inatoa pointi ngapi kwenye kadi hii?" Akishindwa kujibu, umejua kwamba hata ile ahadi ya safari ya bure aliisema kwa mdomo tu.

Tuseme pia kweli kwa upande wa pili. Tuna dada zetu wa Goma wanaokwenda Dubai au Guangzhou kuleta mali, mara nne au tano kwa mwaka. Kwao hesabu ni nyingine. Wao wakibaki na muungano mmoja wanaweza kupanda ngazi, na ngazi ndiyo yenye faida. Mwenye ngazi ya dhahabu ya Star Alliance, kwa mfano, anaongezewa kilo 20, au begi moja zaidi pale mizigo inapohesabiwa kwa mabegi. Kwa mfanyabiashara, kilo 20 ni pesa. Dada wa namna hiyo anaweza kulipa kidogo zaidi ili asitoke kwenye muungano wake. Kila mtu apime kwa mguu wake.

Mambo manne ya kuangalia siku ya kujiandikisha

La kwanza ni jina. Sisi Wakongomani pasipoti zetu zina nom, postnom na prénom, na nyumbani tunaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Mashine ya ndege haimjui Mama Fulani. Jina la kadi lifanane na jina la tiketi, na yote mawili yafanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Postnom ikirukwa upande mmoja, pointi zinaweza kukosa mwenyewe, na jina la tiketi likikosewa unaweza kupata shida kubwa kuliko pointi.

La pili ni namba ya simu na anwani ya barua pepe. Yule mama wa kadi tatu, moja alifunguliwa na muuzaji wa tiketi, aliyetia namba yake mwenyewe. "Nakusaidia, mama." Leo muuzaji amehama, namba haipiti, na kadi haifunguki. Weka namba yako. Kama huna barua pepe, weka ya mtoto wako unayemwamini, na neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani.

La tatu ni kile kikaratasi cha kupandia ndege. Wengi wetu tunakitupa tukifika. Kitunze pamoja na tiketi mpaka uone pointi zimeingia. Zisipoingia unaweza kuzidai, lakini muda una mwisho. Katika programu nyingi ni miezi 6.

La nne ni wauza pointi. Kwenye makundi ya WhatsApp kuna watu wanaotoa "tiketi ya maili, nusu ya bei". Programu nyingi zinakataza kuuziana maili na watu usiowajua, na tiketi ya namna hiyo inaweza kufutwa hata ukiwa tayari Kigali na mabegi yako. Aliyekuuzia hutamwona tena.

Pointi zilizo karibu nasi

Kuna jambo moja tulilolifikia mwisho, na tunafikiri ndilo kubwa. Pointi zinazoweza kumsafirisha mama wa Kibati mara nyingi hazimo kwenye kadi yake. Ziko kwa mtoto wake. Binti anayeishi Ulaya anasafiri kwa kazi, mume wake pia, na huko kuna hata kadi za benki na maduka zinazoleta pointi kila mwezi. Katika programu nyingi mwenye pointi anaweza kumtolea mtu mwingine tiketi, na baadhi zinaruhusu watu wa familia kuweka pointi zao pamoja.

Tulimwomba mama ampigie binti. Binti akacheka: yeye na mume wake wana maili Miles & More tangu zamani, hawakuwahi kuzifikiria. Hazitoshi kwa sasa. Lakini wamesema kuanzia leo wataweka zote upande mmoja, na safari ijayo watamtolea mama tiketi hata ya kwenda tu. Tulimkumbusha kwamba tiketi ya pointi nayo ina kodi na malipo ya kutoa kwa pesa, wakati mwingine si kidogo, kwa hiyo waulize mapema. Na wasirundike miaka mingi. Maili si shamba, hazizidi thamani kwa kukaa. Mashirika hubadilisha bei zake bila kuomba ruhusa. Zikitosha, zitumike.

Mama amechukua tiketi ya kwanza. Alijiandikisha katika programu ileile ya binti yake, kwa jina zima la pasipoti, na namba yake mwenyewe. Mkopo wa dola 140 hakuuhitaji tena. Kikundi kimempa jirani yetu aliyekuwa anangoja pesa ya mbegu za viazi, maana mvua imeshaanza. Viazi hivyo vitatoka kabla pointi yoyote haijahesabiwa.

Tunaomba kila kikundi, mtu akija kuomba mkopo wa safari, mumsaidie kwa ubao na chaki kabla ya kufungua sanduku. Andikeni bei yote, gawanyeni, zidisheni, watoto wenu wa shule wawasaidie. Si aibu kumuuliza muuzaji swali la tatu na la nne. Pesa ile ina jasho la watu ishirini na tano.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya karatasi za mtoto anayevuka mpaka bila wazazi wake. Mama mwenye swali alilete Jumamosi, kabla sanduku halijafungwa.

Mama yetu anaondoka siku ya Alhamisi asubuhi. Mwenye cha kumtuma kwa mzazi akilete Jumatano, na tafadhali, kilo mbili tu kila mtu. Mizani ya Kigali haina undugu.